Kodi ya Kichwa

Waandishi vijana tuna ugonjwa, na leo nautaja hata kama mhariri atanuna. Kila tukitaka kuonyesha umaskini kwenye hadithi tunamtoa mtoto wa kijijini, tunamvalisha kaptura ya viraka, tunampaka vumbi miguuni, halafu tunamalizia na kichwa. Lazima kichwa kiwe kimenyolewa nyumbani. Lazima kiwe na ngazi: hapa pamebaki kichaka, pale pamekuwa kiwanja cha mpira. Msomaji wa mjini anacheka kidogo, anasikitika kidogo, anafungua ukurasa wa pili. Basi, umaskini umeshaelezwa!

Nimezisoma hadithi hizo, na mashairi ya namna hiyo pia. Mtaani nako mabishoo wana lao wakimwona mtu katoka kunyolewa na mama yake: "Vipi mshikaji, panya walikukuta umelala?" Utani huo sigombani nao, hata mimi nacheka. Ninayegombana naye ni mwandishi. Mtu amekaa chini na kalamu, amefikiri, amefuta, ameandika tena, halafu anatoka na kichwa cha ngazi kuwa alama ya mama asiyejali. Huyo hajawahi kushika mkasi. Angeushika hata Jumapili moja angejua kwamba zile ngazi ni alama ya mtu aliyejali sana, akiwa na mkasi butu, mtoto asiyetulia, na jua linazama.

Mimi ni kinyozi. Saluni sina, na bango lenye picha ya mchezaji wa Ulaya sina. Naishi Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, wilaya changa iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Wengi wenu mmetupita bila kutuona: basi la kwenda Mwanza likifika Iguguno linakazana na lami yake, sisi tuko ndani huko, kwenye alizeti na vitunguu. Vichwa vilivyo chini ya mkono wangu ni sita. Kuna babu, kuna baba, na kuna wadogo zangu wanne ambao wote wako shule, wa kiume wawili na wa kike wawili. Kazi hii ilikuwa ya mama. Macho yake yalipoanza kukataa vitu vya karibu akanikabidhi mkasi, kitana na ile mashine ya mkono, ile ya kubana kama koleo, ambayo haijui umeme ni nini.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana polojo bila hesabu ni kelele. Wanafunzi wanne, kila mmoja mara mbili kwa mwezi, ni vichwa vinane. Ongeza baba na babu mara moja moja, ni vichwa kumi. Tuchukue bei ya chini, shilingi 500 kwa kichwa, bei ambayo kinyozi wa mjini akiisikia atanifukuza na taulo. Kwa mwezi ni shilingi 5,000. Kwa mwaka ni shilingi 60,000. Enzi za CHF iliyoboreshwa, kaya ya watu sita ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka ili itibiwe, na kwenye mikutano ya vijiji viongozi walikuwa wanakaukwa koo kuwabembeleza watu wazitoe. Nywele za nyumba moja zingelipa kadi mbili! Weka shilingi 1,000 kwa kichwa na mambo yanakuwa mabaya zaidi. Hapo hatujanunua daftari hata moja.

Najua wako wanaosimama haraka wakisikia hesabu za namna hii. Ni ndugu zetu wa semina, wale wa ujasiriamali, wanaokuja na kalamu za rangi na karatasi kubwa za kubandika ukutani. Watasema, "Mnaona! Dada huyu anabana matumizi, anaweka akiba shilingi 60,000 kwa mwaka." Watataka nije mbele nitoe ushuhuda. Hapana, ndugu zangu, siji. Iko wapi hiyo akiba? Nionyesheni chungu ilimofukiwa. Fedha hiyo haijawahi kuingia nyumbani kwetu, haijawahi kutoka, kwa hiyo haijawahi kubanwa. Unabana kitu ulichonacho. Nyumba yenye mshahara ikiacha saluni ikanunua mashine, hiyo imebana matumizi, na naipa hongera. Nyumba isiyo na mshahara inaponyoana yenyewe imefanya kazi. Imelipa kwa mikono deni ambalo haikuweza kulipa kwa noti. Kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja ni kumfanya mwenye njaa aonekane amefunga Ramadhani.

Na ninaposema deni nina maana. Nani aliamua kwamba vichwa vya wadogo zangu vinyolewe kila baada ya wiki mbili? Baba hakuamua. Babu ndiyo kabisa, yeye nywele zake zikifika masikioni anaziita mvi za heshima. Imeamua shule. Mtoto wa shule, awe wa kiume au wa kike, nywele ziwe fupi, na ufupi wenyewe unapimwa na vidole vya mwalimu wa zamu. Vidole vikipata cha kushika, una kosa.

Tunaambiwa elimu ni bure. Kweli, Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 wadogo zangu wamesoma bila ada, na mwenye kubeza hilo hajui kwetu palikuwaje. Lakini waraka haukugusa kichwa. Sare mzazi anaijua, ana mwezi mzima wa Desemba wa kuwaza. Daftari anazijua. Nywele hakuna anayeziandika popote kwa sababu zinaota kimyakimya, usiku, bila kumwuliza mtu kama mavuno yalikuwa mazuri. Ndiyo maana naiita kodi, na jina lake la zamani linalifaa kabisa: kodi ya kichwa.

Wazee watanisahihisha kwamba kodi ya kichwa ilikuwa kitu kingine. Naijua historia yake. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na boma lao lilikuwa hapa hapa Mkalama. Waingereza wakaja na yao ya nyumba na ya kichwa. Baada ya Uhuru ikaondoka, ikarudi ikiitwa kodi ya maendeleo, wanaume wazima wakalala porini kuwakimbia mgambo, mpaka Serikali ilipoifuta mwaka 2003. Wenzangu tuliozaliwa karibu na mwaka huo tunaisikia kama hadithi za fisi. Basi mimi nasema imebaki tawi moja, na tawi hilo halitozwi kwa wanaume wenye nguvu za kukimbia. Linatozwa kwa watoto wa miaka saba, na anayelilipa ni mama zao.

Asiyelipa hufanywa nini? Hapa naomba msinikatize.

Nilikuwa darasa la sita, msimu wa kuvuna alizeti. Mama alikuwa shambani tangu alfajiri, anarudi giza limeingia, na kunyoa kwa koroboi ni kutafuta masikio ya watu. Wiki mbili zikawa nne. Jumatatu, mstarini, mwalimu akapita na vidole vyake. Tulitolewa mbele tisa. Hakutuchapa. Alichukua mkasi, ule mkubwa wa kukatia karatasi, akapitisha mstari mmoja kwa kila mtu, kutoka kipaji cha uso mpaka kisogoni, halafu akasema turudi darasani. Shule sitaitaja, na mwalimu simtaji, maana jambo hili si la shule moja. Ulizeni wenzenu mlioketi nao hapo mtaambiwa. Sisi tulikuwa tunauita mstari ule barabara. "Fulani kachongwa barabara." Unakaa nayo kutwa nzima. Unakwenda nayo kisimani. Na ukifika nyumbani mama anaiona, anajua kwamba barabara ile haikuchongwa kichwani kwako, imechongwa kichwani kwake. Usiku ule alininyoa kwa koroboi. Hakusema neno. Mimi nilisikia tu pumzi zake juu ya utosi.

Mtaniambia ni adabu, tena fimbo ingeuma zaidi. Sijui. Fimbo inapoa kesho yake. Na tena niwaulize, adabu ya nani? Mtoto wa miaka kumi na miwili hana mkasi, hana shilingi 500, na hawezi kujinyoa kisogo. Kosa lake ni lipi hasa? Kwamba nywele zake zimeota?

Rais Ali Hassan Mwinyi aliwahi kuifananisha Taifa Stars na kichwa cha mwendawazimu, kwamba kila mtu anakuja kujifunzia kunyoa hapo. Taifa zima lilicheka, na mpaka leo Stars ikifungwa neno hilo linarudi. Lakini aliyetuazima picha hiyo ni methali, na methali ilikuwa inasema kweli tupu: kichwa cha mtu asiye na mtetezi ni uwanja wa mazoezi. Siku zile tisa tuliposimama mbele ya mstari hatukuwa wendawazimu. Tulikuwa watoto wa wakulima msimu wa mavuno.

Isitoshe, wakubwa wa nchi hii na vichwa vya watu ni mchezo wa siku nyingi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 mini, mawigi na suruali za kubana zikawa vita Dar es Salaam. Leo tunasoma habari hizo tunacheka, tunasema ah, wazee nao! Wigi sasa linauzwa Kariakoo mchana kweupe na Ujamaa haukuanguka kwa sababu yake. Lakini kichwa cha mtoto wa shule kimebaki pale pale, kana kwamba operesheni ilisahau kurudi kambini. Kenya wenzetu walikwenda mahakamani. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba shule moja ya sekondari ilikosea kumfukuza msichana kwa sababu ya nywele zake za rasta, alizozifuga kwa imani yake. Sisemi twende wote mahakamani. Nasema jambo hili linaweza kujadiliwa na watu wazima, mbingu zisianguke.

Hoja kubwa ya upande wa pili ni usafi: chawa na mapunye. Naiheshimu hoja hiyo, ndiyo maana nataka tuifuate mpaka mwisho, tusiishie mlangoni.

Chawa, sawa. Kichwa kisicho na nywele hakina pa kuwaficha. Lakini mapunye je? Mapunye ni ukungu unaoingia kwenye ngozi ya kichwa na kwenye shina la unywele. Unahama kutoka kichwa hadi kichwa kwa kitana, kwa kofia, kwa taulo, na, sikilizeni vizuri, kwa mkasi, wembe na mashine. Kwa maneno mengine, kifaa kinachotembea vichwani vyote bila kusafishwa ndicho kinachoweza kugawa ugonjwa tunaosema tunaukimbia. Ukishaingia hauondoki kwa kupakwa mafuta ya taa wala dawa ya kupaka peke yake; mtoto anahitaji vidonge, aghalabu griseofulvin, kwa wiki sita au nane. Mama aliyeshindwa shilingi 500 za kinyozi atavitoa wapi? Ukinyoa watoto arobaini kwa mkasi mmoja mstarini kwa ajili ya usafi, huo ni usafi wa wapi?

Na hapa nageuka kuwasema watu wangu mwenyewe, maana nisipowasema nitakuwa mnafiki. Kunyoana nyumbani nakutetea kwa nguvu zote. Wembe mmoja kwa vichwa sita siutetei hata kidogo. Wako watu, tena wengi, wananunua wembe mmoja, wananyoa baba, wanapangusa kwa kitambaa, wananyoa mtoto, wanapangusa, wananyoa mwingine, halafu wanauchomeka kwenye boriti kusubiri mwezi ujao. Eti tunabana matumizi! Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa nchini, Kagera, mwaka 1983, tumeimbiwa habari ya wembe mpaka tukachoka kusikia, tukadhani wembe wa nyumbani umesamehewa kwa sababu ni wa ndugu. Haukusamehewa. Homa ya ini, ile aina ya B, ni mbaya zaidi kwa upande huo: kirusi chake kinaweza kukaa kwenye kitu kikavu hata siku saba kikiwa bado hai. Chanjo yake kwa watoto wachanga ilianza Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo wadogo zangu walichanjwa, lakini baba hakuchanjwa, babu ndiyo usiseme. Wembe ni kitu cha shilingi chache. Kama kuna mahali pa kubana, pasiwe hapo. Kila kichwa na wembe wake, ukiisha kazi unatupwa chooni, kwisha habari.

Kwangu mimi wembe nimeuacha kabisa isipokuwa kwa babu anayeudai mwenyewe. Natumia mashine ya mkono. Baada ya kila kichwa naipiga brashi, nafuta meno yake kwa spiriti, naiacha ikauke, halafu tone la mafuta ya cherehani. Na sinyoi mpaka kwenye ngozi. Baba alikuwa na vile vinundu vya kisogoni, wanaume wengi mnavijua, vinawasha, vinatoa usaha, vinaacha kovu gumu. Saluni walimwambia ni damu chafu wakamuuzia dawa ya kupaka. Vinundu vile huchochewa na kunyoa chini mno: unywele wetu umejikunja, ukikatwa usawa wa ngozi ncha yake inarudi ndani kama mwiba. Nilipoacha kumpeleka mpaka chini, akabaki na kivuli cha nywele pale nyuma, vinundu vikatulia. Havikuisha vyote. Lakini amelala chali kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Mnaona sasa ninachokitaka? Hii ni kazi. Ina maarifa ndani yake. Natambua kichwa cha kila mmoja kwa mkono hata nikifumbwa macho. Mdogo wangu wa kiume mkubwa ana kovu juu ya sikio la kushoto, aliangukia jiwe la kusagia. Hapo mashine inapita kwa kuinuliwa. Wa mwisho ana mizunguko miwili utosini, nywele zake zinaota zikigombana, na ukizifuata upande mmoja lazima upate ile ngazi mnayoiandika nyinyi kwenye hadithi zenu. Mwaka jana nikimnyoa nilikuta vitezi viwili vimevimba nyuma ya sikio lake, na karibu yake doa la mviringo, nywele zimekatika, unga mweupe. Mapunye, ndiyo kwanza yameanza. Tulimwahi. Kinyozi mwenye foleni ya watu kumi na redio inapiga kelele angeliona doa lile? Labda. Simsemi vibaya kinyozi, ni kijana mwenzetu aliyejiajiri, analipa pango, na watoto wa watu wengine ni wateja, hawezi kuwashika vichwa kama mama zao. Nasema tu kwamba kinachoitwa kunyolewa vizuri kina mizani zaidi ya moja.

Jambo la wadogo zangu wa kike linaniuma kuliko yote, nami naliona halisemwi. Kusuka kwetu hakukuwa na bei. Jirani anakaa kwenye kigoda, mtoto anakaa chini katikati ya magoti yake, mnasukana twende kilioni huku mnazungumza, kesho yake wewe unamsuka wake. Hapakuwa na umeme, wala wembe, wala shilingi. Kitana cha mti na mikono ilitosha. Nywele zilizosukwa mistari zinakaa wiki mbili tatu, kichwa kinaoshwa, ngozi inaonekana. Ziko shule zinazoruhusu hivyo, nazipongeza. Zinazokataa zimeiondoa njia ya bure, ile waliyoijua bibi zetu, zikaweka mahali pake njia ya kulipia, kisha zinamshangaa maskini kwamba hawezi kulipa. Mdogo wangu wa darasa la saba hajui kusuka. Angejifunzia wapi? Kuanzia miaka saba hana nywele na rafiki zake hawana. Atamaliza shule, atakimbilia saluni akiwa na shilingi elfu ishirini mkononi kusukwa na mtu mwingine, na nyinyi mtaandika hadithi ya sistaduu anayependa makuu.

Watoto wanaosoma shule za kimataifa Arusha na Dar es Salaam wana nywele zao, na sijasikia kwamba wanafeli kwa sababu hiyo. Nimalize hapo habari yao, nisije nikaambiwa nina wivu.

Methali inasema ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Nimeifikiria sana methali hii nikiwa na beseni mbele yangu. Tunaitumia kuwatisha watu wajiandae, na mimi kila nikiisikia nawaza vitu vya kinyozi: maji yanatoka wapi, nani kayateka, sabuni ni ya nani. Msimu wa kiangazi Nduguti ndoo moja ya maji ina kazi tano zinaisubiri. Nikizichukua lita mbili za kunyolea wanne, kuna sufuria haitaoshwa. Anayeamua ni mama. Kila Jumapili ya pili anasimama mlangoni anaiangalia ndoo, anamwangalia mwalimu wa zamu akilini mwake, halafu ananiambia, "Haya mwanangu, chukua."

Wenzangu wenye kalamu, mnatafuta visa. Mnalalamika hakuna cha kuandika, mnaandika mapenzi ya chuo na simu zilizozimwa. Andikeni ndoo hiyo. Andikeni mikono ya mama inayonuka mafuta ya cherehani. Andikeni barabara iliyochongwa kichwani kwa mtoto wa watu, na mwandike nani kaichonga, kwa mkasi wa nani, kwa amri ya nani. Mkimleta tena mtoto mwenye kichwa cha ngazi, mleteni na aliyemnyoa, akae kwenye hadithi, azungumze. Mkishindwa, basi mwacheni mtoto huyo avae kofia mtafute alama nyingine.

Mwezi ujao kuna kikao cha wazazi, na baba amenituma nikae kwenye kiti chake. Nitanyoosha mkono kwenye mengineyo. Nitaomba mambo ambayo hayana ugomvi ndani yake: wasichana wasuke mistari kama hawana uwezo wa kunyoa, mkasi usipite tena mstarini, na kama ni lazima vichwa viwe vifupi, shule inunue mashine mbili za mkono na chupa ya spiriti, na mimi nitakuja Ijumaa mbili za mwezi kunyoa bila malipo yoyote, nianzie na wale ambao mama zao wako shambani. Najua nitakachoulizwa. Nitaulizwa fedha za mashine zitatoka fungu gani. Mama yangu amelijibu swali hilo kwa mikono yake tangu nilipoingia darasa la kwanza, na mpaka leo hakuna mtu wa shule aliyewahi kumwuliza alilijibuje.